Maongezi ya Ufundi: Kompyuta Inapobuni Mashine

Leo tutazungumza juu ya kazi ya kubuni mashine, na jinsi kompyuta zenye akili bandia zinavyoingia katika kazi hiyo. Akili bandia wengine huiita akili mnemba. Ni jambo lile lile. Kama chumba chenu kina mlango wenye bawaba, mmoja wenu asimame karibu nayo, maana tutaihitaji sasa hivi. Na wewe unayesoma karatasi hii baada ya matangazo, soma polepole, na ukifika penye hesabu iandike mwenyewe.

Itazame bawaba. Ina mabapa mawili ya chuma. Kila bapa limekunjwa ukingoni likafanya vifundo vyenye tundu. Vifundo vya bapa la kwanza vimepishana na vifundo vya bapa la pili, kama vidole vya mikono miwili, kisha pini moja imepita ndani ya vyote. Basi, ni hivyo tu: bapa, bapa na pini. Lakini hakuna hata kimoja katika vitu hivyo vitatu ambacho peke yake ni bawaba. Bawaba ni namna vitu hivyo vinavyokaa pamoja na kuzunguka pamoja. Tutaita kitu cha namna hiyo muungano wa vipande. Cherehani ni muungano wa vipande, na baiskeli, na pampu ya maji, na motokaa, na eropleni. Tofauti ni wingi wa vipande tu.

Sasa nakuuliza. Kama pini ina unene wa milimita 6, tundu lake liwe na upana gani? Mtu asiyezoea kazi hii hujibu upesi, "Milimita 6." Mpe pini hiyo na tundu hilo, umwambie aingize. Haitaingia. Na akiilazimisha kwa nyundo itaingia, lakini mlango hautafunguka. Lazima pawe na nafasi kidogo kati ya pini na tundu. Basi tuseme tundu liwe milimita 6 na sehemu mbili za kumi, yaani 6.2.

Hapo kazi haijaisha, bali inaanza. Mkerezaji hawezi kukata pini mia moja zote zikawa sawa kabisa. Tumempa ruhusa ya kukosea kidogo: pini moja itakuwa 5.9, nyingine 6.1. Na mwenye keekee naye tumempa ruhusa hiyo hiyo: tundu moja litakuwa 6.1, jingine 6.3. Sasa chukua pini nene kuliko zote, 6.1, uitie katika tundu jembamba kuliko yote, 6.1. Imekwama. Chukua pini nyembamba, 5.9, katika tundu pana, 6.3. Toa: 6.3 kutoa 5.9 ni 0.4. Mlango unacheza na kulia kila ukifunguliwa. Angalia vizuri jambo hili. Mkerezaji hakufanya kosa. Mwenye keekee hakufanya kosa. Kila mmoja alikaa ndani ya ruhusa yake, na hata hivyo bawaba moja imekwama na ya pili inalegea.

Je, tupanue tundu liwe 6.4? Haya, fanya hesabu. Tundu jembamba sasa ni 6.3, na pini nene ni 6.1, nafasi ni 0.2, haitakwama tena. Lakini tundu pana ni 6.5, na pini nyembamba ni 5.9, nafasi ni 0.6. Imezidi kulegea. Ukitaka isikwame wala isilegee, ni lazima umwombe mkerezaji awe mwangalifu zaidi, naye atataka muda zaidi na fedha zaidi. Halafu atakuja mpaka rangi, asiyejua habari ya hesabu zako, apake rangi mpaka ndani ya tundu, na nafasi uliyoipigania iishe.

Nimekaa sana juu ya bawaba kwa sababu ndipo penye shida tutakayoiona mbele.

Kompyuta iliingia ofisi za wachoraji zamani. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Ivan Sutherland, alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Kwa miaka mingi baada ya hapo kompyuta ilikuwa kama ubao mzuri wa kuchorea. Mtu alifikiri, kompyuta ikapiga mistari. Jambo jipya ni kwamba siku hizi kompyuta yaweza kupewa shida, nayo ikaleta umbo ambalo hakuna mtu aliyelichora.

Hufanyaje? Tuchukue keria ya baiskeli, ile sehemu ya nyuma unapofunga gunia. Tuseme unataka keria nyepesi. Humwambii mchoraji achore. Unaiambia kompyuta mambo haya: keria itafungwa kwa bolti hapa na hapa, mzigo utakaa hapa, uzito wake kiasi hiki, chuma kisipite hapa, maana gurudumu linazunguka, chuma chenyewe ni cha aina fulani. Kompyuta huanza na bonge zima la chuma lililojaza nafasi yote iliyoruhusiwa. Hulikata bonge hilo, kwa hesabu tu, katika vijipande vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Kisha hukadiria kila kijipande kinabeba mzigo kiasi gani. Vile vinavyobeba sana huachwa. Vile vilivyokaa bure huondolewa. Halafu hesabu yote hurudiwa tangu mwanzo, maana ukiondoa kimoja, mzigo wake unahamia kwa jirani. Ni kama mtu anayeondoa miti ya kibanda mmoja mmoja, kila akiondoa mmoja anasimama kutazama kama paa bado limekaa. Tofauti ni kwamba kibanda cha kompyuta kikianguka hakimuumizi mtu, na yaweza kukisimamisha tena mara elfu kabla ya chakula cha mchana.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1904 A. G. M. Michell wa Australia aliandika juu ya namna ya kujenga kiunzi kwa chuma kidogo kuliko vyote. Mwaka 1988 Martin Bendsøe na Noboru Kikuchi walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta umbo la namna hiyo. Na kabla yao wote, mwaka 1892, daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa wa mtu aliye hai hujijenga mahali unapobeba mzigo na kupungua mahali pasipo na mzigo. Ndiyo maana vitu vilivyobuniwa kwa njia hii mara nyingi hufanana na mifupa au mizizi ya mti. Kompyuta haikuiga mfupa. Ilifuata kanuni inayofanana na ile inayofuatwa na mfupa.

Ipo njia nyingine pia, ya kuzalisha maumbo kama mkulima anavyochagua mbegu. Kompyuta hutoa maumbo mengi ovyo, huyapima kwa hesabu, huyaweka yaliyo bora, huyachanganya, na kuendelea hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2006 shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha setilaiti tatu ndogo zilizokuwa na antena iliyopatikana kwa njia hiyo. Ukiiona antena hiyo utadhani ni waya uliopindwa na mtoto anayecheza. Lakini ilifanya kazi.

Mtasikia wauzaji wa programu wakiita yote haya akili bandia. Mimi nasema sehemu kubwa yake ni hesabu ya kawaida inayofanywa kwa haraka sana. Akili bandia hasa huingia pale kompyuta inapokuwa imefunzwa kwa mifano mingi ya hesabu zilizokwisha kufanywa, ikajifunza kukisia jibu bila kupitia hesabu yote. Kukisia huko ni kwa haraka, tena mara nyingi ni karibu na kweli. Lakini ni kukisia.

Sasa tutazame mambo yaliyofanyika. Mwaka 2018 kampuni ya motokaa ya General Motors ya Marekani, pamoja na kampuni ya programu ya Autodesk, zilionyesha kipande cha kufungia kiti na mkanda wa usalama ndani ya gari. Zamani kipande hicho kilikuwa muungano wa vipande 8. Programu ilitoa maumbo zaidi ya 150, watu wakachagua moja. Lile lililochaguliwa lilikuwa kipande kimoja tu cha chuma kisichoshika kutu, chepesi kwa asilimia 40 kuliko kile cha zamani, na chenye nguvu zaidi kwa asilimia 20. Hicho kilikuwa kipande cha majaribio.

Vipande 8 kuwa 1! Bila shaka unaona faida yake. Hakuna tundu la kukosewa, hakuna bolti ya kulegea, hakuna kiungo cha kuchomelea. Ile shida yetu ya pini na tundu imefutwa kabisa, maana hakuna pini wala tundu. Lakini fundi wa baiskeli atauliza swali jingine, na ni swali la haki: pembe moja ikipasuka, nitabadilisha nini? Katika muungano wa vipande 8 unabadilisha kipande kimoja. Katika kitu kimoja unabadilisha kitu chote, na lazima kiagizwe kutoka kwa mwenye mashine ya kukitengeneza. Kompyuta haikuulizwa swali hilo, kwa hiyo haikulijibu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2015, kampuni ya eropleni ya Airbus ilikuwa imeonyesha ukuta mdogo wa kutenga abiria na jiko ndani ya eropleni aina ya A320. Msidhani ni kazi rahisi. Ukuta huo hubeba kiti cha wahudumu wa ndege, huwa na uwazi wa kupitishia machela ya mgonjwa, na hufungwa kwenye mwili wa eropleni mahali panne tu. Programu ilitumia njia mbili: moja ya kufuata ukuaji wa mfupa, na moja ya kufuata kiumbe cha ute kinachotandaza nyuzi zake msituni kutafuta chakula. Ukuta uliopatikana ulikuwa mwepesi kwa asilimia 45, yaani kilo 30 chini ya ukuta wa zamani. Katika eropleni kilo 30 ni mafuta, tena mafuta ya kila safari. Na safari hii vipande havikupungua. Vilikuwa zaidi ya 100, kila kimoja kimechapwa kwa unga wa chuma chepesi ulioyeyushwa, kisha vikaungwa. Mashine ya kuchapa haikutosha kutoa ukuta mzima, kwa hiyo habari ya kuingiana ikarudi pale pale.

Hayo ndiyo ninayotaka uyaweke pamoja. Kompyuta ni hodari sana kutafuta umbo la kipande kimoja. Vipande vikiwa viwili, kumi, mia, vinavyogusana na kuzunguka, ni kazi ya namna nyingine.

Nanyi mnazijua zile kompyuta za kuzungumza nazo. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT, na tangu hapo zimekuja nyingine nyingi. Waweza kuiambia, "Nibunie bawaba yenye pini ya milimita 6," nayo ikaandika maagizo ambayo programu nyingine huyasoma na kuchora. Kipande kimoja, chenye umbo rahisi, mara nyingi hutoka vizuri. Muungano wa vipande ndio unaoitatiza. Tundu la bapa moja liko milimita 10 kutoka ukingoni, la bapa la pili liko 12. Pini imezidi urefu. Au vipande viwili vimekaa mahali pamoja, kimoja ndani ya kingine. Karatasi haikatai jambo hilo. Chuma hukataa.

Kwa nini ikosee hivyo, ilhali yaweza kukueleza habari za bawaba kwa maneno mazuri kuliko mimi? Kwa sababu imejifunza kwa kusoma. Imesoma mengi mno juu ya pini na tundu, na inajua maneno gani hufuata maneno gani. Haijapata kushika pini iliyokwama, ikaona haya mbele ya mwenye mlango.

Wahandisi wamepata dawa, ingawa si ya kuponya kabisa. Huiunganisha kompyuta ya maneno na programu ya kupima. Ya kwanza hubuni, ya pili hupima: je, vipande hivi viwili vimegongana? Je, tundu limekaa sawa na tundu? Makosa yakionekana hurudishwa kwa ya kwanza ili isahihishe, na hivyo mara nyingi. Ni kama mwanafunzi mwenye haraka aliyekalishwa karibu na mwalimu mwenye rula. Lakini rula nayo hupima kile tu ilichoambiwa ipime. Chukua nati yenye pembe sita iliyo ndani ya shimo. Spana ya kawaida, yenye mdomo ulionyooka, lazima izunguke sehemu moja ya sita ya duara kabla hujaitoa na kuishika nati upya. Kama shimo ni jembamba, spana haizunguki. Mchoro ni safi, vipande havigongani, vipimo vyote ni sawa, na hakuna mtu duniani awezaye kukaza nati ile. Tena wanaosahau mkono wa fundi si kompyuta peke yake. Wapo watu waliosoma sana ambao wamechora motokaa ambazo ukitaka kubadili taa moja huna budi kufungua nusu ya mbele.

Turudi kwenye keria, maana hapa pana hatari. Uliiambia kompyuta kwamba mzigo unasukuma chini. Ni kweli, gunia husukuma chini. Kompyuta ikaondoa kila chuma kisichosaidia kubeba mzigo unaosukuma chini. Sasa tuseme baba amempakia mtoto kwenye keria hiyo, baiskeli ikapita penye mawe, ikalala upande. Mzigo hausukumi chini tena, unavuta ubavuni. Vile vyuma vilivyoonekana vimekaa bure ndivyo vilivyokuwa vizuie jambo hilo, na havipo. Keria inakatika penye shingo nyembamba. Hesabu ya kompyuta haikuwa na kosa hata moja. Ilijibu swali iliyoulizwa, na aliyeuliza alisahau kwamba baiskeli hulala.

Hata wenye vyombo vya anga hulitazama jambo hili. Katika kituo cha NASA cha Goddard, huko Maryland, mhandisi Ryan McClelland amekuwa akibuni vipande vya vyombo vya anga kwa njia hii, na vingine vimeokoa hadi theluthi mbili za uzito. Yeye mwenyewe alisema mwaka 2023 kwamba programu ikiachwa peke yake mara nyingine hufanya sehemu nyembamba mno, na jicho la mtu aliyezoea huliona kosa hilo. Kwa hiyo vipande hupimwa kwa hesabu nyingine, kisha hutengenezwa na kujaribiwa.

Aliyetia sahihi katika mchoro ndiye atakayeulizwa keria ikikatika. Kompyuta haiitwi mahakamani. Basi fundi anayepokea mchoro uliobuniwa na kompyuta ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kuwasha moto: mzigo uliofikiriwa ni wa upande gani? Nafasi kati ya pini na tundu ni ngapi, na ruhusa ya kukosea ni ngapi? Kitatengenezwa kwa mashine gani? Swali hili la mwisho ni kubwa kwetu. Kompyuta isipoambiwa, hubuni umbo lenye mikunjo ya mizizi ambalo laweza kutoka tu katika mashine ya kuchapa chuma, na mashine hiyo ni ghali mno. Ikiambiwa kwamba karakana ina jiliwa, msumeno, keekee na mashine ya kuchomelea, na kwamba chuma kilichopo ni mabapa na mabomba, itatafuta ndani ya mipaka hiyo. Umbo halitakuwa jepesi sana, lakini litatengenezeka.

Mmoja wenu huenda anauliza kama mchoraji atabaki na kazi. Sitaki kuwapa maneno matamu. Kazi ya kukaa kutwa kuchora kipande kile kile kwa vipimo tofauti naona itapungua. Kazi ya kupima, ya kujua chuma kinafanya nini, na ya kuuliza swali lililosahauliwa, sijaiona kompyuta inayoifanya bila mtu.

Kwa juma hili fanyeni hivi. Tafuteni bawaba kuukuu, mtoe pini yake. Pimeni unene wa pini kwa kalipa mahali patatu: juu, katikati na chini, maana katikati mara nyingi imelika. Pimeni upana wa tundu la kila kifundo. Andikeni namba zote katika safu mbili, kisha toeni pini nene kutoka tundu jembamba, na pini nyembamba kutoka tundu pana, kama tulivyofanya leo. Asiye na kalipa na amwombe fundi aliye karibu. Juma lijalo tutasoma mchoro wa fundi, tujue maana ya mstari mnene, mstari mwembamba na mstari wa vidoti. Njooni na penseli na rula. Kwaherini.